Ndugu wanasema nina dharau

Safu ya afya ya akili: barua zenu na majibu ya muuguzi

Toleo lililopita nilimjibu mwalimu mmoja aliyeuliza kuhusu mtoto asiyekalika kitini, nikaeleza kwa ufupi ADHD ni nini: hali inayoanza utotoni, ambapo ubongo unapata shida kuelekeza umakini, kujizuia na kutulia. Nilitegemea barua za wazazi. Nyingi zilizokuja ni za watu wazima, na karibu wote hawakulalamikia kurukaruka wala utundu. Wamelalamikia aibu. Nimechagua tatu, na majina nimeyaacha kwa ombi la wenyewe.

Barua ya kwanza

Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Mwanza, ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya usafirishaji. Nina mume na watoto wawili. Ukikutana nami njiani huwezi kujua kama nina shida. Nimevaa vizuri, kazi ninayo, nacheka na watu.

Nyumbani ni mambo mengine. Umeme unakatika usiku na hela ya LUKU ipo kwenye simu. Asubuhi niliona uniti zimebaki tatu, nikasema nitanunua nikifika kazini. Maharage yameungua mpaka sufuria mbili nimezitupa kwa siri, mume wangu asizione. Kwenye kikoba chetu mimi ndiye ninayeongoza kwa kulipa faini ya kuchelewesha hisa, na hela ninayo. Cherehani nilinunua kwa mkopo, gauni la kwanza mpaka leo halina mikono.

Kinachoniumiza zaidi ni ndugu. Shangazi yangu alilazwa, nikasema nitakwenda Jumamosi, nikapitiwa, nikaja kukumbuka ameshatoka hospitali. Mtu akinitumia ujumbe namjibu kichwani, halafu naamini nimeshamjibu. Michango ya harusi naahidi kwa moyo wote, nakumbuka nikiona picha za bibi harusi kwenye simu za watu. Wanasema tangu nipate kazi nina dharau. Mama mkwe amelisema hilo mbele za wageni.

Lakini wakaguzi wa hesabu wakiwa wanakuja kesho, nakaa usiku kucha na nafunga hesabu za miezi mitatu bila kosa. Ndiyo maana bosi anasema naweza ila sitaki. Hata ripoti zangu za shule ya msingi ziliandikwa hivyo hivyo: "Ana uwezo ila hajitumi." Nilikuwa mtoto mpole wa kukaa dirishani, sikusumbua mtu. Kaka yangu nilipomgusia ADHD alicheka, akasema hayo ni maradhi ya Wazungu, kwetu dawa yake ni fimbo. Mama, nina ugonjwa au nina uvivu?

*Msomaji, Mwanza*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kukupa jina la ugonjwa kwa barua siwezi, na atakayekupa kwa njia hiyo usimwamini. Ila uvivu naukataa hapa hapa. Mvivu hatupi sufuria kwa siri. Mvivu hakai miaka akilipa faini kwa hela ambayo angeilipa kama hisa, kisha akalala akijilaumu. Unayoyaeleza ni ya mtu anayejitahidi maradufu ya wenzake na kupata nusu yao.

Tuanze na usiku wa wakaguzi, maana ndio unaowachanganya watu wote, wewe ukiwemo. Mwenye ADHD umakini anao, ila hauendi anapoupeleka. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga, inayokumbusha na inayozuia, inafanya kazi kwa kutegemea kemikali kama dopamini na noradrenalini, na kwa watu hawa mfumo huo haupokei msukumo kama kwa wengine. Jambo jipya, la kupendeza, au la hatari iliyo mlangoni linauamsha. Jambo la kila siku ambalo faida yake iko mbele haliuamshi, hata kama mwenyewe anaijua faida hiyo na anaweza kukuhubiria. Wakaguzi wa kesho wanakuamsha. Uniti tatu za asubuhi hazikuamshi mpaka giza liingie. Bosi wako anauona usiku ule na kuufanya kipimo chako cha kila siku. Haoni siku mbili zinazofuata, kichwa kizito na watoto unawafokea bila sababu.

Na lile la "nitanunua nikifika kazini" lina maelezo yake. Kuna kumbukumbu inayoshika jambo moja wakati mikono inafanya jingine. Kwako hiyo ndiyo inayoponyoka. Kati ya mlango wa nyumba na meza ya ofisi kuna daladala, kuna simu, kuna mtu aliyekusalimia, na kila kimoja kinalisukuma lile la kwanza nje. Kumjibu mtu kichwani ni hilo hilo: jibu lilikuwepo kweli, mkono tu haukufika.

Ile sentensi ya ripoti yako nimeisoma mara nyingi kliniki kuliko ninavyopenda. Wanawake wanakuja nayo ikiwa imekunjwa kwenye bahasha pamoja na vyeti. Mtoto wa kiume anayeruka madawati anaonekana siku ya kwanza. Msichana mpole wa dirishani hamsumbui mwalimu, anapita mpaka anapata kazi, anaolewa, anazaa, na siku majukumu yakizidi ule uwezo wa kujificha ndipo mambo yanapoanza kuporomoka. Hata madaktari walianza kwa kulaumu tabia. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza wenzake jijini London kuhusu watoto wa namna hii, na akaiita hali yao kasoro ya kujizuia kimaadili. Ilibidi mpaka 1980 ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukakubali kwamba mtu anaweza kukosa umakini bila kuwa mtundu. Mwongozo wa 2013 ukaenda mbele zaidi: dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na kazini, na kwa mtu mzima zinatosha tano katika tisa za kundi moja, liwe la kukosa umakini au la utundu na kutojizuia. Kwa hiyo ripoti hizo usizitupe. Ni ushahidi wako.

Kaka yako mwambie hivi. Tafiti za mabara mbalimbali zilipounganishwa mwaka 2007, zilionyesha watoto wapatao 5 katika kila 100, na tofauti kati ya nchi zilitokana zaidi na namna ya kupima kuliko mahali penyewe. Watu wazima ni kama wawili au watatu katika 100. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi unachangia kati ya asilimia 70 na 80. Ulizia kwenu. Mara nyingi kuna baba au mjomba aliyeanza biashara saba na kuziacha zote, na ukoo mzima ukasema karogwa.

Sasa la ndugu. Ningeambiwa nitaje madhara makubwa ya ADHD kwa mwanamke wa kwetu, nisingetaja umeme wala sufuria. Kwetu sisi upendo unahesabiwa kwa kufika: kufika hospitali, kufika msibani, mchango kufika kabla ya kikao cha mwisho. Hakuna anayekuuliza moyoni ulikuwa na nini. Mtu mwenye huruma tele anahukumiwa kuwa hana huruma, na hana la kujitetea, kwa sababu kweli hakufika. Halafu aibu inazaa jingine baya zaidi: unaona wiki tatu zimepita, unajiuliza utaanzaje kupiga simu, unaahirisha, wiki zinakuwa miezi, na sasa ukimya huo ndio unaosomeka kama kiburi. Nimeona udugu ukifa hivi, na hakuna aliyemkosea mwenzake kwa makusudi.

Kwa hiyo kwa ndugu, futa "nitakuja" na "nitatoa". Ukipewa kadi ya mchango, toa papo hapo hata elfu tano iliyopo kwenye simu. Ukijaliwa kuongeza, utaongeza. Ukisikia mgonjwa amelazwa, nenda jioni ile ile ukitoka kazini, mikono mitupu, dakika kumi. Wengi wenu mnaharibikiwa kwa kungoja kwenda kwa heshima, na matunda na chupa ya chai, na ile Jumamosi ya heshima haifiki. Ujumbe usiufungue kama huwezi kuujibu wakati huo. Ukishaufungua, jibu kwa sauti, hata sekunde tano: "Nimeona, nakupenda, nakujibu vizuri usiku."

Mengine yatoe kichwani uyaweke mahali. LUKU nunua ya mwezi mzima siku mshahara unapoingia, hapo hapo ulipokaa, kabla hujafungua kitu kingine kwenye simu. Mweka hazina wa kikoba mwombe apokee hisa zako siku hiyo hiyo, kikao kiwe lini kiwe lini. Usibandike chungu bila kutega kengele ya simu, na simu iingie mfukoni, isibaki mezani. Gauni lile lisilo na mikono limalize mtu akiwa amekaa karibu nawe. Si lazima ajue kushona. Nimemwona mama mmoja akimaliza kwa saa moja kazi iliyomkalia mwezi, kwa sababu tu mdogo wake alikuwa mkekani pembeni akichambua mchele. Kwa nini inasaidia sitakuchosha nayo, lakini wagonjwa wangu wengi wanaitegemea.

Shangazi yako nenda ukamwone wiki hii. Usijitetee kwa ADHD, yeye haijui na wewe hujapimwa. Mwambie tu kwamba ulipitiwa, kwamba unapitiwa hivyo na kila mtu, na kwamba umeanza kutafuta msaada. Mumeo naye mwambie kabla hujaenda hospitali. Kuficha sufuria ni kazi ya pili juu ya kazi ya kwanza, na inakumaliza.

Kwa Mwanza, ulizia kliniki ya afya ya akili pale Bugando. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Inajulikana kwa historia. Beba ripoti za shule, na kama mama yako au dada mkubwa anaweza kuongozana nawe, aende, maana anakukumbuka ukiwa na miaka minane. Watakupima damu na pengine tezi ya shingo, na watakuuliza usingizi, wasiwasi na sonona. Usione wanakuzungusha. Upungufu wa damu, tezi na sonona vinaweza kuleta usahaulifu unaofanana na huu, na sonona mara nyingi inakuja pamoja na ADHD kwa mtu aliyelaumiwa miaka mingi. Dawa zipo. Methilifenideti inatumika tangu miaka ya 1950. Inafanya kazi kwa saa kadhaa, haiponyi moja kwa moja, inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi na kupandisha mapigo ya moyo, ndiyo maana inatolewa kwa cheti cha daktari na kwa kufuatiliwa. Usiinunue mitaani hata ukiambiwa ni halisi.

Barua ya pili

Habari za kazi, dada. Nina kijana wa miaka 9, darasa la tatu, hapa Kigoma. Alipokuwa na miaka mitatu malaria ilimpanda kichwani, alipata degedege akapoteza fahamu siku mbili. Alipona. Sasa mwalimu ananiita kila wiki: daftari hakuna, kalamu hakuna, anatoka darasani bila ruhusa, anadakia maswali. Anachapwa, habadiliki. Bibi yake anasema kuna kitu kimemwingia, tumeshamfunga hirizi. Lakini mbele ya televisheni anatulia saa mbili. Je, huyu si anajifanya?

*Baba, Kigoma*

Jibu

Salama, kaka, na pole kwa yale ya nyuma. Umefanya vizuri sana kutaja malaria. Tafiti zilizofanyika Mulago kule Kampala, na Kilifi nchini Kenya, zilifuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na baadhi yao walibaki na shida ya umakini, kumbukumbu au tabia. Kwa hiyo usianze na jina la ADHD. Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, uwaeleze degedege ile na zile siku mbili. Omba apimwe masikio na macho. Waeleze pia kama kuna nyakati anaduwaa ghafla, macho yamekodoka, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Hicho kinaweza kuwa kifafa cha aina isiyoangusha, na kina dawa yake.

Televisheni si ushahidi wa kujifanya. Inabadilika kila sekunde na haimdai chochote. Daftari halibadiliki na linadai kila kitu.

Kuhusu viboko nitasema kwa uchungu, maana mdogo wangu wa kiume alikulia katika hali hii, enzi ambazo wilayani kwetu hakuna aliyeijua. Alichapwa kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba, kwa makosa yale yale, na kila jioni aliapa kwa kweli kabisa kwamba kesho hatorudia. Leo ni fundi wa friji, hodari sana, na mlango ukifungwa kwa nguvu bado anashtuka. Kiboko kinamtaka mtoto akumbuke maumivu ya jana kabla ya kufanya jambo la sasa hivi, na hapo hasa ndipo ubongo wake unaposhindwa. Hakijamfundisha kwa sababu hakiwezi.

Mwendee mwalimu na uende kwa adabu, ukijua ana watoto wengi mno. Mwombe mambo machache: akae mbele karibu na ubao, apewe agizo moja badala ya matatu kwa pamoja, na yeye ndiye atumwe chaki na kufuta ubao, ili kuinuka kwake kuwe na kazi. Akifanya vizuri asifiwe wakati ule ule, si mwisho wa wiki. Kalamu ifungeni kwa uzi kwenye begi. Ya hirizi nakuachia wewe na bibi, mradi isicheleweshe hospitali.

Barua ya tatu

Asalaam aleikum bi mkubwa. Mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Tangu utotoni kichwa changu ni soko, siwezi kukaa na jambo moja, hasira ziko karibu, nimeacha kazi nne kwa kugombana. Ajabu ni kwamba nikitafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, natulia. Wenzangu wanachangamka, mimi napoa, naona barabara vizuri, hata nyumbani naongea taratibu. Nimesoma jibu lako kwa yule mwalimu nikajiona. Je, naweza kuendelea na muguka kama dawa yangu?

*Msomaji, Mombasa*

Jibu

Waaleikum salaam, kaka yangu. Hapana, na nitakwambia kwa nini, lakini kwanza nakushukuru, kwa sababu uliyosema wengi wanaona haya kuyasema. Muguka na miraa vina kathinoni, kichangamshi cha jamii ya karibu na amfetamini. Baadhi ya dawa za ADHD nazo ni vichangamshi, na mwenye hali hii akizinywa kwa kipimo sahihi mara nyingi hutulia. Kwa hiyo ulivyojiona si ajabu. Lakini hilo halithibitishi kitu: usingizi ukikosekana, mtu yeyote akitafuna anajiona bora kwa muda. Daktari anahitaji kulisikia hilo kutoka kwako, pamoja na ya utotoni na ya kazi nne.

Tofauti iko kwenye kipimo. Shada la leo si sawa na la jana, hujui umekula kiasi gani, na ukimaliza kutafuna kinafuata kile kipindi cha mori kushuka, hasira na macho mazito, ambacho kwako kinaweza kukukuta gizani kwenye mteremko, umebeba tani nyingi. Usingizi unakatika, na ubongo wa ADHD usiolala unakuwa mbovu zaidi, unatafuna tena ili uamke. Mapigo ya moyo yanapanda, hamu ya chakula inakwisha. Na mpaka wa Tanzania ukiuvuka siku moja, huku mirungi, ndivyo tunavyoita miraa, ni kosa la jinai.

Hapo Mombasa ulizia kitengo cha afya ya akili Port Reitz. Waambie unatafuna kiasi gani na kwa muda gani, bila kupunguza, kwa sababu wakikuandikia dawa ya kuchangamsha na wewe unatafuna juu yake, moyo wako unapata mzigo mara mbili. Kuna na dawa nyingine isiyo ya kundi hilo, atomoksetini, inayochukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Wao ndio watakaochagua. Siku ya kwenda usitafune tangu jana yake, ili presha watakayoipima iwe yako. Na kwa kuwa siku ya kwanza bila muguka usingizi utakuja kwa nguvu, nenda siku ambayo huna safari, uende kwa matatu, na lori uliache yadi.